Seti ya wanyama wa karatasi kwa darasa la awali: viunzi vizuri, unga usiofaa

Sanduku ninalolitathmini hapa huuzwa kama seti kamili ya kufinyanga wanyama wa karatasi, na maandishi ya kifuniko chake yanadai kwamba linamfaa mtoto yeyote kuanzia miaka minne. Ndani mna viunzi vya kadibodi vya wanyama wanne, yaani tembo, twiga, simba na kobe, mfuko wa unga wa karatasi unaokorogwa kwa maji hadi uwe rojo, pakiti ndogo ya gundi ya unga, vikopo sita vya rangi, brashi mbili, na kijitabu cha maelekezo kilichoandikwa kwa Kiingereza na Kichina. Nimelitumia katika darasa la awali ninalolifundisha Dar es Salaam, lenye watoto wa miaka mitano na wachache wanaokaribia sita, sambamba na njia yetu ya siku zote ya magazeti na uji wa ngano, ili nijue kama mwalimu anayetoa fedha mfukoni mwake anapata kitu ambacho unga wa duka la jirani hauwezi kumpa. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba viunzi vinastahili sifa, unga wa karatasi hauwafai watoto wa umri huu, na vilivyobaki, isipokuwa kimoja, vimewekwa kujazia sanduku.

Nianze na viunzi, kwa kuwa ndivyo vilivyonifanya nisijute kununua. Kila mnyama amekatwa kwenye kadibodi ngumu yenye mianya iliyopimwa vizuri, kiasi kwamba vipande vinachomekana bila gundi wala mkasi, na mtoto wa miaka mitano akionyeshwa mara moja anaweza kuunga mbavu za tembo mwenyewe, akaona jinsi umbo nene linavyotokana na vipande bapa vilivyopishana. Hilo si jambo dogo. Katika njia yetu ya kawaida mwalimu ndiye anayekesha akifinyanga mipira ya magazeti na kuifunga kwa selotepu ya karatasi ili asubuhi watoto wakute miili tayari, na hivyo sehemu inayodai kufikiri kuliko zote, ile ya kuamua tumbo liwe kubwa kiasi gani na miguu isimame wapi, hufanyika watoto wakiwa wamelala. Hapa waliifanya wao. Mtoto mmoja aliuchomeka mkonga nyuma ya tembo, akatangaza kwamba huo ni mkia mnene, na wenzake wakamkubalia hadi mkia wenyewe ulipoonekana chini ya sanduku na kukosa mahali pa kukaa. Mabishano yaliyofuata, kuhusu kipi hupeleka majani mdomoni na kipi hufukuza nzi, yalikuwa somo la sayansi ambalo sikuwa nimeliandaa.

Twiga ndiye aliyewashinda wabunifu wa seti. Shingo yake ni kipande kimoja cha kadibodi kilichochomekwa mabegani, na tabaka la kwanza la karatasi mbichi likishakaa juu yake, kadibodi hunywa maji, hulegea penye shina na kukiinamisha kichwa hadi magotini. Dawa yake iko kwenye ufagio: chelewa kadhaa zikifungwa pamoja kwa uzi na kupitishwa kutoka tumboni hadi kisogoni, shingo husimama hata ikilowa, na ncha zake zikikatwa na kuzungushiwa selotepu hazimchomi mtu. Ningetarajia waundaji wawe wameliona hili wenyewe. Twiga ni mnyama wa taifa letu, watoto wa Tanzania humkimbilia yeye kabla hata ya simba, na mwalimu asiyejua ujanja wa chelewa atamaliza kipindi akiwa na kundi la watoto wanaomlilia mnyama aliyeanguka kifudifudi.

Unga wa karatasi ndio ulionisumbua zaidi. Ndani ya mfuko mna karatasi iliyosagwa laini ikachanganywa na gundi kavu, na ukiufungua tu vumbi lake hupanda na kubaki hewani, jambo linalomlazimu mwalimu kuukoroga peke yake nje ya darasa, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa, kabla watoto hawajafika. Kijitabu hakisemi neno lolote kuhusu hilo. Ukishalowa huwa rojo laini la kijivu linalofinyangika kweli, na katika mikono ya mtu mzima hutoa kope, pua na makunyanzi ya ngozi ambayo gazeti haliwezi kuyatoa. Lakini mikono tunayoizungumzia si ya mtu mzima. Mtoto wa umri huu hapaki rojo, bali hulibandika kwa konzi. Akiona limenoga huongeza jingine, na hakuna chochote ndani ya rojo lenyewe kinachomwonyesha kwamba sasa limetosha. Tuliishia kuwa na tembo ambaye ubavu wake mmoja ulikuwa na unene wa sentimita mbili na wa pili bado ulionyesha kadibodi.

Unene huo ndio unaozaa matatizo yanayofuata. Rojo hukauka kuanzia nje. Ngozi ya juu ikishakakamaa, maji yaliyobaki ndani hutoka polepole sana, na kadiri yanavyotoka ndivyo rojo linavyosinyaa na kupasuka nyufa, hasa pale linapokutana na kadibodi ambayo haisinyai pamoja nalo. Kijitabu kinasema saa 24 zinatosha. Pengine zinatosha katika nchi yenye hewa kavu, ila Dar es Salaam hewa ya bahari hubeba unyevu mwaka mzima, na masika ya Machi hadi Mei huweza kukunyima jua siku kadhaa mfululizo. Simba wetu, ambaye kwa macho alikuwa amekauka na yuko tayari kupakwa rangi, alibonyea nilipomgusa tumboni kwa kidole gumba, na chini ya makwapa yake ukungu wa kijani ulikuwa umeshaanza. Kwa mwalimu, hiyo ni kazi ya kuanika na kuanua kila wingu linapotanda, tena huku darasa zima likiuliza kila asubuhi kama mnyama wao amekauka.

Kanda za gazeti zilizochovywa kwenye uji hazina shida hiyo, kwa sababu karatasi haiwezi kuwa nene kuliko ilivyo, hata mtoto awe na pupa kiasi gani. Kazi huanza kwa kuchana, na kuchana peke yake kunaweza kuchukua kipindi kizima bila mtoto kuchoka. Karatasi ya gazeti ina mwelekeo wa nyuzi: likichanwa kufuata nyuzi hizo, ambazo kwa kawaida hushuka kutoka juu ya ukurasa kwenda chini, hutoa kanda ndefu zilizonyooka, likichanwa kwa kukatiza, mchano hupinda na kukatika ovyo. Watoto hawahitaji kuambiwa. Wape ukurasa waujaribu pande zote mbili, na baada ya muda mfupi utawasikia wakielekezana upande unaokubali na upande unaokataa. Upana wa sentimita mbili hadi tatu, na urefu wa kiganja cha mtu mzima, ndio unaoshikika vizuri kwa vidole vyao. Karatasi za majarida zenye kung'aa zisitumike, maana hazinywi uji na hubanduka zikikauka, na mikasi nayo iwekwe kando, kwa kuwa ukingo uliochanwa kwa mkono hulala na kushikamana na tabaka la chini, ilhali uliokatwa kwa mkasi huacha mstari unaoonekana hata juu ya rangi.

Kisha huja kitendo kimoja ambacho seti hii, kwa kutegemea rojo, inamnyima mtoto kabisa. Anachovya ukanda kwenye bakuli, anauinua kwa mkono mmoja, na kwa vidole viwili vya mkono wa pili anauminya taratibu kutoka juu hadi chini ili uji wa ziada urudi bakulini. Mwanzoni huminya kwa nguvu na ukanda hukatika, au huogopa kuminya na uji ukatiririka hadi kwenye kiwiko. Baadaye kidole gumba na cha shahada hujifunza kiasi, na hivyo ndivyo vidole vitakavyoshika penseli. Nimeona watoto ambao mstari wa herufi huwatoa jasho wakifanya kazi hii kwa utulivu ambao sijauona wakati wa kuandika.

Ili mtoto ajue mahali alipofika bila kuuliza kila dakika, tabaka la kwanza liwe la gazeti, la pili la karatasi nyeupe au ya kaki, na la tatu la gazeti tena. Palipoachwa wazi hujionyesha penyewe. Matabaka matatu au manne yanamtosha mnyama anayeenea mapajani mwa mtoto, na yasizidi mawili kwa siku moja, la sivyo tunarudi kulekule kwenye tumbo lililolowa. Kikwazo pekee nilichokutana nacho katika gazeti, kama ni kikwazo, ni kurasa za michezo. Mtoto aliyelelewa katika nyumba ya Yanga hakubali picha ya mchezaji wake izamishwe kwenye uji ili iwe ngozi ya simba, na kilichowezekana ni kumpa ukurasa wa matangazo ya mnada.

Uji wenyewe ni kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vikombe vitano vya maji. Unga ukorogwe kwanza katika kikombe kimoja cha maji baridi hadi madonge yaishe, umiminwe kwenye vikombe vinne vinavyochemka, na mwiko usitoke sufuriani kwa dakika tatu hadi tano, mpaka weupe wa unga upungue na uji uanze kung'aa. Uliopikwa hushika kuliko unga uliovurugwa kwenye maji baridi tu, kwa kuwa joto ndilo linalozivimbisha na kuzipasua chembe za wanga hata zikanata. Anayepata kanji ya muhogo atumie hiyo, kwani ikikauka huwa angavu zaidi na haimdhuru mtoto ambaye mwili wake haupatani na ngano.

Hata hivyo sitautetea uji kupita kiasi, maana uji ni chakula, na watoto si peke yao wanaolijua hilo. Mende, sisimizi na panya huufuata usiku. Kiboko tuliyemwacha juu ya kabati alikutwa asubuhi hana sikio. Vijiko viwili vya chumvi kwa sufuria hiyo hupunguza ukungu, ingawa chumvi ikizidi huvuta unyevu na kumfanya mnyama anatenate siku za mvua, na matone machache ya mafuta ya karafuu husaidia kuliko chumvi, mradi yasizidi machache, kwani huwasha ngozi. Uji uliobaki usilazwe hadi kesho yake katika joto letu. Zaidi ya hayo kuna hoja ya mzazi mmoja aliyefika kumchukua mwanawe, akaitazama sufuria, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, unga huu si ungetosha chapati za kundi zima?" Nilimwambia kwamba ni kikombe kimoja tu na kwamba watoto sita walikuwa wakikifanyia kazi, lakini swali lake lilikuwa la haki, na ndilo lililonifanya niitazame upya ile pakiti ndogo ya gundi iliyomo kwenye sanduku.

Gundi hiyo ni ya jamii ya selulosi, kama zile za kubandikia karatasi za ukutani. Hukorogwa kwa maji baridi bila moto, haina harufu, mende hawaitaki, na ikishakorogwa hukaa siku kadhaa bila kuchacha. Hiki ndicho kile kimoja nilichokitoa katika lawama zangu za mwanzo, na kingekuwa sababu tosha ya kununua seti nzima kama kingekuwa kingi. Waundaji wameikusudia kwa kumalizia juu ya rojo tu, kwa hiyo iliyomo haifiki mbali darasa likiamua kutumia kanda. Anayekwenda kuitafuta kwa wauza rangi awe mwangalifu, kwa sababu gundi nyingi za karatasi za ukutani hutiwa dawa ya kuua ukungu, na dawa hiyo haifai kwa vidole vinavyoingia mdomoni. Gundi nyeupe ya kawaida, sehemu mbili kwa sehemu moja ya maji, ni imara kuliko zote, lakini ni ghali kwa darasa na ikishakaukia kwenye sare ya shule haitoki. Mimi huitumia kwa tabaka la mwisho, kabla ya rangi.

Kuhusu rangi za seti sina mengi. Hazitoshi wanyama wote wanne, ya njano haina nguvu ya kufunika maandishi ya gazeti mpaka ipakwe nyeupe kwanza, na brashi hunyonyoka nywele. Lililonikera zaidi ni kwamba sikuona popote juu ya sanduku alama ya usalama wa vitu vya kuchezea, kama ile ya kiwango cha Ulaya cha EN 71, ambayo bidhaa inayojinadi kwa watoto wa miaka minne ilipaswa kuwa nayo. Rangi hizo nilizitumia mwenyewe kwa mfano wa mwalimu, na watoto nikawapa rangi zetu za maji.

Jambo moja kwenye kijitabu linahitaji kukemewa. Kurasa zake za mwisho, zinazoeleza wanyama wa ziada, zinashauri mtoto apulize puto na kulifunika kwa karatasi ili apate kichwa cha mviringo. Nchini Marekani sheria inataka pakiti za puto ziwe na onyo kwamba watoto walio chini ya miaka 8 wanaweza kukabwa na puto lisilojazwa hewa au vipande vya lililopasuka, na darasa la awali lote liko chini ya umri huo. Hata bila hatari hiyo, puto hupungua na kupanuka joto linapobadilika, na karatasi iliyoko juu yake hukunjamana kabla haijashika. Bakuli la plastiki lililopakwa mafuta ya kupikia, chupa ya maji ya nusu lita au trei ya mayai hufanya kazi hiyohiyo bila mwalimu kuhesabu vipande vya mpira sakafuni.

Kati ya wanyama wanne wa seti, kobe ndiye ningemshauri mwalimu aanze naye. Yuko chini, haanguki, gamba lake lina nafasi ya mikono mingi kwa wakati mmoja, na vigae vya mgongo wake vinaweza kubandikwa kimojakimoja kutokana na vikombe vya trei ya mayai vilivyokatwa, kila mtoto na chake. Waliowahi kupelekwa Kisiwa cha Changuu, Unguja, kuwaona wale kobe wakubwa wenye asili ya Shelisheli, walijua hata jinsi shingo inavyochomoza na kurudi ndani, na hapo ndipo kiunzi cha seti kilipowakera, kwa kuwa kichwa chake kimekazwa hakitikisiki. Tuliazima ufumbuzi wa Wajapani. Huko Aizu hutengenezwa ng'ombe mwekundu wa karatasi aitwaye akabeko, ambaye kichwa chake huning'inia kwa uzi ndani ya uwazi wa mwili na kuitikia kila akiguswa. Tulikata tundu pana mbele ya gamba, tukatengeneza kichwa kwenye kijiti chepesi, tukafunga kijiwe kwenye ncha ya ndani na kukining'iniza kijiti kwa uzi katikati, na kobe akaanza kukubali kila alichoulizwa. Swali lililoulizwa zaidi lilikuwa kama leo twende nyumbani mapema.

Kwa hiyo seti hii imfae nani? Familia yenye mtoto mmoja au wawili wa miaka minane na zaidi, na mzazi mwenye subira ya kuanika, itafurahia rojo lake na kupata wanyama wenye sura nzuri kuliko wetu. Mwalimu wa darasa la awali asiinunulie darasa, maana wanyama wanne hawatoshi hata vikundi vya watoto sitasita katika madarasa mengi tuliyonayo, na kwa bei niliyolipa angepata unga, gundi nyeupe na magazeti ya zamani ya muhula mzima. Akiweza kuchangiana na wenzake, wanunue moja kwa shule nzima, na kabla ya kuchomeka kipande chochote wavilaze vipande vyote juu ya maboksi ya sabuni au ya mafuta ya kupikia, wavichore kwa kalamu pamoja na mianya yake, kisha wakate nakala kadiri wanavyohitaji. Boksi la kawaida ni laini kidogo kuliko kadibodi ya seti, lakini kwa kobe na tembo linatosha, na kwa twiga chelewa zipo. Nilirudi dukani kuuliza kama viunzi vinaweza kununuliwa peke yake, na muuzaji akanijibu kwamba kinachouzwa peke yake ni mfuko wa unga.